Waya wa Chumbani kwa Wakwe

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, nakusogeza kwa maneno machache.

Mimi ni Doto Malale, fundi wa spika hapa Mpanda. Umeshasoma jinsi spika zangu zilivyoibwa kwenye harusi kule Usevya, na jinsi kibanda changu kilivyoungua mimi nikiwa kanisani. Katika balaa zote hizo nilibaki na kitu kimoja kizuri, naye ni mchumba wangu, Rosine. Tatizo lilikuwa baba yake.

Mzee Gervais ni mtu wa mashine za kukoboa mpunga. Miaka ishirini na tisa alisimama pembeni ya mashine yake Usevya, kisha akaja kujenga nyumba kubwa ya bati jekundu hapa Makanyagio. Mwaka mzima nilimwamkia kila nilipokutana naye, na mwaka mzima alinipita kama vile nimekohoa tu. Halafu asubuhi moja akasimama mlangoni pa kibanda changu kipya akasema, "Nataka spika. Darini na nje."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili ndugu zangu waende kwake kuposa.

Hapo ndipo nilipoishia. Na najua swali mlilobaki nalo, kwa sababu hata mimi nililala nalo. Mpanda hii ina mafundi wa kutosha. Mtu ambaye hataki hata shikamoo yangu ananikabidhi dari la nyumba yake kwa nini?

Nilitaka kukataa. Lakini ukimkatalia kazi baba wa mchumba wako wiki mbili kabla ya posa, umejifukuza mwenyewe. Nikakubali, na macho nikayafungua.

Jumatatu nilikwenda na tepu ya kupimia na karatasi ya mfuko wa saruji ya kuchorea. Mama Rosine, jina lake Thacienne, alinichungulia kutoka jikoni, akajifunika kitenge kichwani na kurudi ndani taratibu. Anatembea kwa fimbo, mguu wa kulia unamsumbua. Nami niligeukia ukuta mpaka nikasikia fimbo yake imefika mbali, maana kwetu mama mkwe hatazamwi hovyo.

"Sebuleni nakuwekea nne," nilimwambia Mzee. "Moja kila upande, zisikae karibu na ukuta, sauti ienee. Mgeni akae popote, anasikia sawa na mwenzake."

Mzee alinitazama mdomo. Machoni hakunitazama kabisa, mdomo tu, kama anahesabu meno yangu.

"Mbili zikae juu ya kiti changu," akasema.

"Mzee, zikirundikana, wa chini yake anapigwa kelele, na aliye mbali anaambulia mwangwi."

"Mbili. Juu ya kiti changu."

Nikafuta, nikachora upya. Moyoni nikasema huyu anataka kila mtu ajue nani mwenye nyumba.

Nje tulielewana zaidi. Alitaka spika mbili kwenye upenu wa banda, pale watakapokaa wageni watakaokosa nafasi ndani. Nilimweleza kwamba nje sauti haina ukuta wa kuirudisha, inapotea, kwa hiyo spika hufungwa karibu na watu, zinainamishwa kidogo mvua isiingie, na zinatazama ndani ya ua, siyo kwa jirani. Alikubali kila kitu. Kisha akatoa jipya.

"Siku hiyo kila anayesema atashika kipaza sauti. Wenu na wetu."

"Kwenye posa, Mzee?"

"Kwenye posa."

Nimefunga vyombo kwenye harusi, misiba na mikutano ya injili. Posa ya kipaza sauti sikuwahi kuiona.

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Huko kuna tenki la maji juu ya mnara wa chuma, na chini ya tenki kuna benchi la mbao lenye kimto kilichochakaa. Akagonga mguu wa mnara.

"Hapa funga spika moja ya honi, ile ya mdomo mpana. Itazame benchi."

"Waya wake uende kwenye amplifaya pamoja na wenzake?"

"Hapana. Uende peke yake mpaka chumbani kwangu. Ncha ya chumbani uniachie, nitafunga mwenyewe."

"Mzee, huu waya kazi yake ni nini?"

Alinitazama mdomo tena, kwa muda. "Wewe ni fundi au mwandishi wa habari?"

Sasa ngoja nikueleze kwa nini moyo ulinilipuka. Wewe uliyewahi kwenda kuposa unajua utaratibu. Wenye binti wakishataja wanachotaka, upande wa mwanaume huomba ruhusa, hutoka na kwenda pembeni kuteta. Huko pembeni ndiko ukweli husemwa: tunacho nini, hatuna nini, na mwisho wetu uko wapi. Na katika ua ule, pembeni palikuwa mahali pamoja tu, benchi la chini ya tenki.

"Chumbani utaingilia mlango huu," Mzee akaendelea, akanionyesha.

Nikarudi nyuma hatua moja. "Mzee, naomba nisiingie. Nitapita juu, darini. Nitatoboa tundu dogo kutokea huko, na Rosine atavuta waya kutokea chini."

Akatabasamu. Mwaka mzima namjua yule mzee, nilikuwa sijaona meno yake. Sikulipenda lile tabasamu hata kidogo.

Jioni ileile nilipanda bodaboda mpaka Magamba, kwa mjomba Masele. Huyu ni kaka yake mama, ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwenye posa. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, na kila nilivyoendelea, ndivyo punje zilivyozidi kuanguka polepole.

"Hiyo spika ya benchi," akauliza, "inaweza kusikia?"

"Ikifungwa kinyume inasikia, mjomba. Spika na kipaza sauti ni ndugu. Honi ukiiunga upande wa kuingizia sauti, inameza maneno yote ya hapo chini."

"Na ncha ya chumbani amesema atafunga mwenyewe."

"Ndiyo."

"Basi ametukamata. Sisi tunateta benchi, yeye amejilaza kitandani anatusikiliza kama taarifa ya habari." Alitupa gunzi. "Na kipaza sauti kwenye posa ni cha nini? Sisi ni mkutano wa hadhara?"

"Sijui, mjomba."

"Na alikutuma uingie chumbani?"

"Alitaka. Nikamwomba nipite juu."

"Unaona? Ungeingia chumba anacholala mama mkwe wako, wangesema kijana hana adabu, posa imekwisha. Shimo la kwanza umeliruka. La pili ni hilo benchi."

"Tukatete mahali pengine."

"Tukilikimbia benchi watajua tumejua. Nyie vijana hamfikiri." Mjomba alipuliza vumbi la mahindi mikononi. "Una plaizi?"

Nilikuwa nayo.

Hapa ndipo ninapokiri, na sitafuti wa kumlaumu. Mjomba aliuliza swali tu. Mkono ulikuwa wangu.

Jumatano nilivuta nyaya zote. Dari la jipsam ni gumu kulifanyia kazi. Unatembea juu ya mbao za kenchi kama kuku, huku ukijua ukikanyaga pembeni ya mbao umekanyaga kitu laini kama mkate. Bati linakuchoma mgongo, vumbi linaingia puani, na popo wa Mpanda hawana subira na mgeni. Nilifunga za sebuleni, mbili juu ya kiti cha mfalme na mbili kwa raia. Nikafunga za banda. Nikapandisha honi mnarani na kuingiza waya wake ndani.

Waya wa honi ulipofika juu ya korido, hatua chache kabla ya chumba cha wakwe, nikasimama. Chini, Rosine alikuwa anavuta ncha yake chumbani.

"Imefika," akaita. "Umemaliza?"

Plaizi ikabana. Waya ukakatika kimya kimya, nyaya za namna hiyo hazina kelele. Ncha zote mbili nikazifunika kwa kipande cha ubao wa zamani.

"Nimemaliza," nikajibu.

Niliposhuka, Rosine alinifuta vumbi shingoni kwa upande wa khanga yake. Alikuwa na wasiwasi, nikauona.

"Ule waya wa nyuma utafanya kazi, Doto?"

"Kwa nini unauliza huo? Nyumba hii ina spika saba."

"Nauliza tu."

"Rosine, ule waya ni wa nini?"

Aliangalia mlango wa chumba cha wazazi wake. "Nilimwapia baba sitasema."

"Kwa hiyo kuna kitu."

"Kuna kitu. Ila siyo unachofikiri wewe."

"Unajua ninachofikiri?"

"Wewe kila siku unafikiri vibaya. Siyo kazi ngumu kujua."

Alicheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikiwa namshuku mpaka yeye, msichana aliyenipigania siku kibanda kinaungua, akibeba ndoo mpaka viganja vikachubuka. Nikajiambia damu ni damu, mtoto atakuwa upande wa baba yake. Leo nikiikumbuka ile fikra nasikia aibu.

Ijumaa, mkesha wa posa, Mzee alinipigia simu mchana. Simu yake haina maongezi, anaongea yeye, kisha anakata. "Njoo ukaze ile spika ya sebuleni, inatetemeka."

Nilifika saa nane. Rosine alinifungulia geti akiwa anatoka kwenda sokoni kutafuta mchele na vikombe vya kesho, ameazima simu ya mama yake kwa sababu yake imeisha chaji. Mimi yangu nikaichomeka sebuleni nayo ichaji, nikaegemeza ngazi kwenye tundu la korido, nikapanda.

Nilikuwa nimelala juu ya mbao, nakaza skrubu, niliposikia sauti ya Mzee chumbani. Mzee Gervais akiongea nyumbani kwake anaongea kama yuko shambani. Siku zote nilidhani ni ukali.

"Kimewaka," alikuwa anasema. "Mimi nakwenda kukaa. Nikishakaa, wewe sema."

Mlango ukafungwa. Nyayo zikatoka nje. Kisha nikamsikia Mama Rosine.

"Baba Rosine. Baba Rosine, unanisikia? Baba Rosine, njoo."

Nikaacha skrubu.

Mlango ukafunguliwa tena. "Umesema?"

"Nimesema mara nne." Mama naye alikuwa anapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Sikusikia kitu."

"Labda ni waya."

"Waya amefunga yule kijana. Yule ana kazi safi, ndiyo sababu nilimfuata yeye." Kisha sauti yake ikashuka, na nililazimika kusogeza sikio kwenye jipsam. "Siyo waya, Thacienne. Ni masikio. La kushoto lilibaki Usevya kwenye mashine. Hili la kulia nilidhani limebaki kidogo. Nalo limekwenda."

"Tutakwenda hospitali."

"Siku ile ulipoanguka hapa, uliniita mpaka sauti ikakauka. Mimi nimekaa pale benchi, natazama maji yanavyojaa. Hatua thelathini. Nikasema nikiweka honi pale ninapokaa, na wewe ukiwa na hiki kipaza sauti na amplifaya yake ndogo kitandani, haitatokea tena. Kumbe hata honi sisikii."

Nikasikia kitanda kikilia, kama mtu ameketi.

"Na kesho?" Mzee akasema. "Nimewawekea kipaza sauti, nimeweka spika mbili juu ya kichwa changu. Kama honi nzima imenishinda, hizo zitanisaidia nini? Wakwe watasema hiki, nitaitikia kile. Sitamwoza mtoto wangu kwa kubahatisha. Rosine akirudi awapigie simu wale watu. Wasije."

Fundi hulia pia. Niliuma kitambaa changu cha jasho, nikalala pale juu ya mbao kama gunia.

Ule mwaka mzima wa shikamoo zilizopotea. Macho yaliyokuwa yanatazama mdomo wangu. Simu ya kuongea mtu mmoja. Kimto cha benchi, cha mtu anayekaa pale kila siku. Vyote vilikuwa mbele yangu, nikavisoma vibaya kimoja baada ya kingine. Hata lile tabasamu, nilielewa sasa, lilikuwa la mzazi aliyeona kijana anamheshimu mke wake.

Na mimi nilikuwa nimemfanya mzee wa watu aamini kwamba amekuwa kiziwi kabisa.

Dawa ilikuwa rahisi. Niunge waya, nishuke, niseme, "Mzee, kulikuwa na kiungo kimelegea, jaribu tena." Posa ingebaki salama, na hakuna ambaye angejua. Nisemeje, msomaji? Hata katika toba yangu nilikuwa natafuta uongo wa kuivalisha.

Nikasikia mtu anabisha hodi getini. "Hodi wenyewe!" Nikaitambua ile sauti. Mjomba Masele. Alikuwa amekuja kutoa taarifa ya idadi ya wageni, alivyosema yeye, lakini mimi najua alikuja kulikagua lile benchi kwa makalio yake mwenyewe. Nikamsikia Mama akimpazia Mzee sauti kwamba kuna mgeni, kisha Mzee akimkaribisha, na viatu vyao vikizunguka kwenda nyuma. Kidogo tu, pampu ya kujaza tenki ikaanza kunguruma.

Nikatambaa mpaka juu ya korido. Nikainua ule ubao. Ncha ya honi ilikuwepo. Ya chumbani haikuwepo.

Mzee alipokuwa anafunga upande wake aliuvuta, bila shaka, na waya ukasogea upande wa chumbani. Niliuona kwa tochi ya kichwani, umelala mbele, juu kabisa ya chumba cha wakwe. Nikajiambia juu ya dari siyo chumbani. Nikavuta ile ncha ya honi, nikapiga magoti kwenye mbao, nikanyoosha mkono wa pili.

Nikaushika. Na hapohapo popo akanipiga usoni.

Ulikuwa mguu wa kushoto. Ulitoka kwenye ubao, ukakanyaga jipsam, na jipsam ikafanya inavyofanya siku zote. Nilishuka mpaka pajani. Vumbi likapanda, kipande kikubwa cha dari kikaanguka chini, na mimi nikabaki nimekalia ubao, mguu mmoja juu kwenye dunia ya popo, mwingine unaning'inia chumbani kwa mama mkwe wangu.

Chini nikasikia, "Yesu na Maria." Kisha fimbo ikaanguka. Kisha kitu kizito kuliko fimbo.

Nikafumba macho. Ndiyo, nilifumba macho, maana pembeni ya paja langu kulikuwa na tundu, na adabu ni adabu.

"Mama, umeumia?"

"Nani huyo?"

"Doto, mama."

"Doto wa Rosine?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Nikamsikia akikohoa vumbi. "Marahaba."

"Unaweza kuinuka?"

"Mguu umekataa. Nimeangukia kiuno." Alikuwa anavuta pumzi kwa shida, na ile pumzi iliniumiza kuliko ubao uliokuwa umenichana. "Wewe usishuke. Umesikia? Usithubutu kushuka humu ndani."

"Sishuki, mama."

"Mwite mwenyewe."

Nikaita. Nikaita Mzee, nikaita mjomba, nikaita mpaka popo wakahama. Pampu ilikuwa inaunguruma nyuma ya nyumba, na bati la juu likanirudishia sauti yangu mwenyewe. Simu yangu ilikuwa sebuleni. Ya Mama ilikuwa sokoni na Rosine. Hatua thelathini kutoka pale, mume alikuwa amekaa benchi akitazama maji yanavyojaa, safari hii na mjomba wangu pembeni yake.

Nilifumbua macho nikatazama mikono yangu. Mkono wa kulia ulikuwa na ncha ya honi. Wa kushoto ulikuwa na ncha ya chumbani. Sikuwa nimeziachia hata nilipoanguka.

"Mama, kile kipaza sauti kiko wapi?"

"Kiko hapa. Nimeanguka nacho."

"Kimewaka?"

"Kataa kake kekundu kanawaka."

Nataka ujue nilifikiri nini hapo, maana sikuahidi kuandika uzuri wangu. Nilifikiri kwamba nikiunga, Mzee atakuja. Ataona mguu wangu juu ya kitanda chake. Ataona waya mikononi mwangu, umeungwa sasa hivi, na mtu aliyekaa miaka ishirini na tisa na mashine anajua waya uliolegea na waya uliopitiwa na plaizi. Nisipounga, labda Rosine angerudi baada ya saa moja. Ndani ya saa moja ningeweza kujichomoa, nifiche ncha, niseme niliteleza tu.

Mama akaguna chini, taratibu, kama mtu asiyetaka kumsumbua mtu.

Nikamenya waya kwa meno. Nikazisokota ncha zile, ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili.

"Mwite sasa, mama."

"Baba Rosine."

Msomaji, nimefunga spika nyingi maishani. Sijawahi kuisikia honi ikitoka safi namna ile. Sauti ya Mama Rosine iliipita pampu, ikaupita ukuta, ikaingia mtaani.

"Baba Rosine, njoo chumbani. Nimeanguka. Na mguu wa Doto uko juu ya kitanda chetu."

Pampu ikazimwa. Mtaa mzima ulikuwa kimya, hata kuku. Jirani mmoja wa upande wa pili akazima redio yake, nadhani apate kusikia vizuri.

Kisha nikamsikia Mzee Gervais huko nyuma, kwa ile sauti yake ya shambani, lakini sasa ilikuwa inakatikakatika.

"Nimesikia. Masele, nimesikia. Umesikia na wewe? Amesema Baba Rosine. Nimemsikia."

Nilimshukuru Mungu, na bado nikiwa nashukuru nikasikia viatu vinakuja vinakimbia. Jozi moja tu. Mjomba alikuwa amebaki benchi, chini ya honi.

Mama Rosine naye alikuwa amesikia lile neno la mume wake. Nilipoinama, sikukusudia, nikamwona kwenye tundu. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, unga wa jipsam kichwani, na alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama mikono yangu, ule waya, na plaizi iliyokuwa imening'inia kwenye mkanda wangu.

"Saa hizi amelia hapa," akasema polepole. "Mume wangu, mtu mzima. Amelia akidhani masikio yake yamekufa." Na kila neno lilikuwa linatoka nje kwenye honi, kwa mjomba, kwa jirani, kwa Rosine kama alikuwa ameshafika kona ya sokoni. "Doto, mwanangu. Nani aliukata huu waya?"

Viatu vilikuwa vimefika koridoni. Mama Rosine akanyoosha mkono, akakiinua kile kipaza sauti juu kadiri alivyoweza, akakielekeza mdomoni kwangu, akasubiri.